Samaki wa Kizingitini

Shangazi yangu ni fundi wa mawe. Watu wakisikia hivyo wanamtafuta mwanaume nyuma yake, naye huwaacha watafute mpaka wachoke. Kazi aliachiwa na marehemu mumewe, pamoja na mashine ya kung'arishia na kikohozi. Ninaishi kwake tangu nilipoacha shule, na nimeshajua kwamba akikunja mikono ya gauni, maneno yamekwisha, hata kama wengine bado wanaongea.

Nyumba ya ibada anamosali tangu utotoni ilipojengwa upya, alitaka kitu kimoja tu: jiwe la kizingiti litoke mikononi mwake. Baba yangu, ambaye ni mdogo wake, ndiye mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Alikuja akalikagua likiwa kavu, la kijivu, halina doa, akaridhika. Lakini jiwe kavu linaficha mengi. Shangazi alipolimwagia maji aanze kulisugua, akatokea samaki: uti wa mgongo, mbavu nyembamba kama meno ya kitana, na mkia uliopinda kidogo, kama vile alikuwa anageuka.

Mwanawe, tunayemwita Profesa kwa kuwa yuko chuo na hakubali kushindwa, akapiga magoti. "Kisukuku hiki, mama, samaki wa kale aliyegeuka jiwe. Mamilioni ya miaka. Hapa palikuwa na maji matupu."

Baba akaitwa. Alitazama, akajifuta jasho. "Dada, hili haliwezi kwenda."

"Kwa nini?"

"Nimewafundisha watoto wa watu kwamba dunia iliumbwa kwa siku sita. Nikimweka huyu mlangoni, Profesa na wenzake watakuja kufundishia hapohapo."

"Tutakuja, mjomba. Tena na viti."

"Umemsikia?"

Wakaanza. Baba akauliza nani alimwona huyo samaki akigeuka jiwe. Profesa akauliza nani aliiona hiyo siku ya kwanza.

"Kizingiti kina fundi," Baba akasema, "halafu samaki asiwe na fundi?"

"Fundi wa kizingiti namwona, mjomba, anakohoa pale. Huyo mwingine nionyeshe."

Shangazi alikuwa anakunywa chai. "Mmemaliza?"

Hawakuwa wamemaliza, ila Baba alishusha sauti. "Basi usiling'arishe. Libaki kavu hivihivi. Kamati italipokea, na jiwe lako litakaa pale ulipotaka."

Shangazi akaweka kikombe chini. Nilijua anavyolitaka lile jiwe pale mlangoni, na hapo alikuwa amerahisishiwa kila kitu. Profesa naye akaona upenyo. "Au nipe mimi nilipeleke chuo. Kule wataliheshimu."

"Wewe unataka ukawashinde watu nalo," Shangazi akasema. "Na wewe mdogo wangu unataka nilifiche ili usiulizwe maswali. Mimi kazi siiachi njiani. Naamini Mungu aliumba, nimeamini hivyo wewe hujaota meno. Lakini muda aliotumia sikuambiwa, na samaki huyu sikumweka mimi. Nikimficha, namficha nani asimwone? Aliyemuumba?" Akamgeukia mwanawe. "Miaka yako naikubali. Ila usije ukaniambia haina mwenyewe."

"Kamati ikikataa?" Baba akauliza.

"Ikatae jiwe lililokamilika."

Akakunja mikono ya gauni. Baba akaondoka bila kuaga. Mashine ikaanza kuunguruma, Profesa akimwaga maji. Kadiri msasa ulivyozidi kuwa laini ndivyo samaki alivyozidi kuja juu, hata jiwe lilipokauka hakurudi ndani.

Kesho yake Baba alifika na wanaume wa kubeba na mkokoteni. Alilizunguka jiwe, akainama.

"Tumebishana sana kwenye kamati. Wengine hawataki hata kusikia, mwisho uamuzi wameniachia mimi."

"Na wewe?"

"Mimi silipendi. Lakini nikilikataa watataka sababu: nikiwaambia dada yangu alitaka kuwadanganya, nitakuwa nimesema uongo, na nikiwaambia nililikataa kwa sababu lina samaki, nitaulizwa samaki kamkosea nani." Akanyoosha kidole karibu na kile kichwa, bila kukigusa. "Ila kichwa kielekee ndani. Aonekane anaingia."

Profesa akafungua mdomo. Mama yake akamtazama, naye akaufunga.

"Hilo nalimudu," Shangazi akasema. Akawaambia wale wanaume wakae kwanza, akachukua chaki na kuanza kupima upya, maana pembe za jiwe alikuwa amezikata kwa namna ambayo kichwa kingeelekea nje.