Baba Yuko Safari

Kila nikisikia redioni kwamba huduma fulani imehamishiwa mtandaoni ili mwananchi asihangaike, nyayo zangu huhisi baridi ya simiti. Si ushamba. Nilikuwepo, katika miaka ya tisini, kompyuta ya kwanza ilipoletwa kwenye afisi ya mtaa pale Shauri Moyo, tukaamriwa kuvua viatu kabla ya kuingia ilipokuwa. Mama yangu alivua vyake akaingia. Alipotoka viatu alivikuta, nyumba hakuikuta.

Nyumba zetu zilikuwa za kanjo, yaani za baraza la jiji. Baba alikuwa dereva wa lori la takataka, na chumba chetu alikipata kwa kazi hiyo kabla mimi sijazaliwa. Sheria ilisema nyumba ni ya yule aliyeandikwa. Akifa, inarudi kwa kanjo, na kanjo inampa inayemtaka. Sote tulijua inamtaka nani: shemeji ya mkubwa fulani, ambaye hajalala Shauri Moyo hata usiku mmoja na wala hana nia ya kulala. Mjane aliruhusiwa kuomba aandikwe yeye, lakini maombi hayo yaliingia kwenye droo moja huko mjini ambayo sikuwahi kusikia imefunguliwa.

Kwa hiyo wanaume wa mtaa wetu hawakufa. Walikwenda safari. Tuliwalilia, tukawapeleka kuzikwa kwao Ukambani au Kakamega, tukarudi na vumbi la makaburi kwenye viatu, na mwisho wa mwezi mjane akasimama dirishani pa afisi ya mtaa kulipa kodi kwa jina la mumewe. Karani wa dirisha hilo alikuwa mzee mpole, mwenye sweta ya kijani iliyotoboka kiwiko. Baba alipofariki, alikuja matangani, akaketi nasi kwenye benchi, akanywa chai na kutoa mchango wake kama wengine. Mama alipofika dirishani baada ya mazishi, mzee huyo huyo alimtazama usoni akamuuliza, "Mzee bado yuko safari?"

"Bado yuko safari," Mama akajibu.

Akagonga muhuri. Basi, hayo ndiyo yalikuwa mapatano, na hayakumdhuru mtu yeyote.

Ila yalimdhuru Mama. Alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani, mtu wa kufunga na kuomba, na uongo ule ulimkwama kooni. "Jumapili naimba, mwisho wa mwezi namfufua mtu," alikuwa akisema, na hakuwa anacheka. Mimi nilikuwa msichana mkubwa tayari, nikikaa sokoni Gikomba kutwa nzima nikirekebisha nguo za mitumba kwa cherehani, na nilimwambia mara nyingi kwamba Mungu anawajua kanjo vizuri kuliko sisi. Hakupenda mzaha huo.

Ndipo likapita gari la kipaza sauti. Tuliitwa uwanjani, na mkubwa mmoja kutoka mjini, suti yake ikimetameta juani, akapanda juu ya meza. Alisema mambo yamebadilika. Hakuna tena kupanda na kushuka ngazi za mjini, huduma zinaletwa mlangoni kwa mwananchi. Kila mpangaji aje aingizwe kwenye kompyuta. "Kompyuta haina ndugu!" alipaza sauti. "Haijui kabila, na hainywi chai!" Watu wakacheka, maana chai aliyosema tuliijua sote. Kisha akaongeza, "Hata wajane, njooni mseme ukweli, mwandikwe kwa majina yenu."

Akina mama wakapiga vigelegele. Nilimtazama Mama nikaona anapangusa macho kwa ncha ya leso.

Jioni hiyo jirani yetu wa mlango wa pili, mjane kutoka upande wa Magharibi, alikuja kuomba chumvi. Chumvi alikuwa nayo. Alikuja kwa neno.

"Mama, kesho utaenda kusema nini huko?"

"Ukweli."

"Ukweli ya nini? Hiyo kompyuta inakula ukweli? Mimi shemeji yangu anakuja asubuhi, atavaa koti ya marehemu, atabeba kitambulisho yake. Wewe pia tafuta mwanaume."

"Wamesema wenyewe, wajane waje. Mimi nimechoka kumfufua."

Jirani akanigeukia. "Mwambie mama yako."

Nilimwambia. Nilimsihi aseme Baba yuko safari kama siku zote, halafu tuone wengine watatendewa nini. Akanijibu kwamba mlango wa haki umefunguliwa na yeye hatapita dirishani.

Asubuhi nilimsindikiza. Kompyuta ilikuwa imewekwa katika chumba cha nyuma, ikafunikwa kwa kitambaa cha kufumwa, kile cha kutandazwa juu ya viti vya wageni, na watu walivua viatu mlangoni ili vumbi lisiiue. Mama alinong'ona kwamba hata Musa aliambiwa avue. Na aliyekuwa akipanga viatu pale chini, amechutama na sweta yake ya kijani, alikuwa yule mzee karani. Dirisha lake lilikuwa limefungwa. Walikuwa wamempa kazi ya viatu.

Alimpokea Mama viatu kwa mikono miwili. Kisha akasema, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, "Mzee bado yuko safari, sivyo?"

Ulikuwa mkono wa mwisho ulionyooshwa kwetu. Mama akatabasamu.

"Leo nimekuja kusema kweli," alisema.

Mzee akainamisha kichwa, akaviweka viatu vya Mama karibu na ukuta, polepole, akivilinganisha visigino.

Ndani alikuwa kijana wa tai nyekundu, anabonyeza herufi kwa vidole viwili. Aliuliza namba ya nyumba, akatafuta, akasoma jina la Baba.

"Huyu mpangaji yuko wapi, mathe?"

"Alifariki. Nimekuja niandikwe mimi, mkewe."

"Hii kitu inauliza tu kama yuko ama hayuko."

"Hayuko."

Kijana akabonyeza. Akangoja, akasoma tena, akajikuna shingo. "Basi nyumba iko wazi."

"Wazi vipi, mwanangu, na mimi nimeamka ndani yake leo?"

"Kwa kompyuta iko wazi, mathe. Hakuna mahali pa kuandika mke."

"Basi rudisha vile ilivyokuwa."

"Hapa haiwezi kurudishwa. Hiyo ni mjini."

Nilimwomba kijana yule, kisha nikamgombeza, kisha nikamwomba tena. Hakuwa mtu mbaya, na hilo hunikasirisha zaidi, kwa sababu hata wa kumchukia sikupata. Nyuma yetu jirani alikuwa akiingia na shemeji yake, koti la marehemu likimbana mabegani. Kijana alikitazama kitambulisho, hakumtazama mtu. Akabonyeza. "Yuko," akasema, na nyumba ya jirani ikabaki nyumba.

Tulikwenda mjini. Tukapanda ngazi zilezile tulizoahidiwa hatutazipanda tena, hadi kwenye meza ya bibi mmoja aliyekuwa akipaka rangi kucha. Alitusikiliza kidogo, kisha akatuuliza kama hatusikii redio. Huduma zote zimepelekwa mitaani, alisema, rudini kwenu Shauri Moyo. Tuliporudi, kijana wa tai akatuambia twende mjini. Tulikwenda na kurudi hivyo mpaka soli za Mama zikalika, na hakuna aliyekataa kutusaidia. Wote walikuwa wapole. Kila mmoja alituelekeza vizuri kwa mwingine.

Aliyepewa nyumba yetu hatukumwona hata siku moja. Walikuja askari wa kanjo na lori, na lilikuwa lori la aina ileile aliyoendesha Baba, lenye harufu ileile aliyokuwa akija nayo nyumbani. Kitanda kilitolewa, makochi yakatolewa, sufuria zikarundikwa kando ya mtaro. Jirani alisimama mlangoni kwake akilia, mkono juu ya kichwa. Mama hakulia. Alifagia chumba kile kitupu kutoka pembe hadi pembe kabla ya kutoka, na askari mmoja, sijui kwa aibu au kwa mazoea, akamngojea amalize.

Yule mzee wa viatu alikuja kutusaidia kufunga kamba kwenye mkokoteni. Naamini alijilaumu, na sijui kwa lipi, maana ndiye mtu pekee wa kanjo aliyetutendea haki, na alitutendea kwa uongo.

Tulipata chumba katika mtaa wa Tena, kwa mtu binafsi, nyuma ya nyumba kubwa yenye geti la mabati. Mwenyewe alitoka na msururu wa funguo kidoleni, akatuangalia, akaangalia mkokoteni, akatikisa kichwa. Alisema hapangishi wanawake peke yao, wanamletea maneno. Akauliza mzee wa nyumba yuko wapi.

Nilifungua kinywa, lakini Mama alinishika mkono. Alikuwa amebeba Biblia yake kifuani, imefungwa ndani ya leso isilowe, kwa kuwa manyunyu yalikuwa yameanza.

"Yuko safari," alisema.

"Anarudi lini?"

"Mwisho wa mwezi," Mama akajibu bila kupepesa jicho, na mwenye nyumba akachomoa ufunguo mmoja akampa.