Jogoo wa Meza ya Pili

Umewahi kuona mtu mwenye karata za ushindi, kingi tatu mkononi, akizitupa, kisha akatabasamu?

Mimi nimeona. Hapa hapa Tunduma, na ndicho kilichoniponza.

Mimi ni dereva wa malori. Jumamosi hiyo nilikuwa nimerudi kutoka Kongo, safari ndefu kweli. Nyumbani mlango umefungwa, majirani wakasema mke wangu Tumpale yuko sokoni.

Nikaingia kwa Mama Jenista, pale tunapocheza karata, poka, kwa vizibo vya soda badala ya pesa.

Kuna meza mbili.

Ya kwanza ni ya mawakala wa forodha. Anayeshindwa ananunulia wenzake soda. Jamaa hawacheki, wanakutazama usoni kama wanakagua mzigo.

Ya pili kelele tupu. Nikasimama nyuma ya fundi mmoja wa baiskeli, Hezron. Hapo ndipo nilipomwona akitupa zile kingi.

Nikajisemea, hawa mteremko. Nikavuta kiti.

"Mshindi anapata nini?"

"Jogoo," Hezron akasema. "Mkubwa. Umekuja wakati mzuri, kaka."

Muda si mrefu vizibo vyote vikawa kwangu. Meza nzima ikapiga makofi. Hezron akanipa mkono kama mimi ndiye bwana harusi.

Mama Jenista akaleta boksi. Ndani kuna kitu kinagonga kama fundi bati.

"Nilimnunua mnada wa kanisani," akasema. "Nikaambiwa ni wa mbegu, hachinjwi. Wenzako wote wamemrudisha. Wewe tafadhali usimrudishe."

Nafika kwenye bodaboda, vidole vyote vimeshadonolewa.

Tumpale alikuwa amerudi. Kumwona tu yule jogoo, akakaa chini.

"Ambwene, umempata wapi?"

"Nimemshinda kwenye poka."

"Huyu ni wetu. Mama yako alimleta ukiwa safarini, akasema ni wa mbegu, asichinjwe. Akawa anakimbiza mtaa mzima, nikamtoa sadaka kanisani. Sasa mama anakuja kesho. Leo nimeshinda sokoni natafuta anayefanana naye."

Nikamtazama yule jogoo kwa upendo.

Akanidonoa tena.

Kesho yake mama akafika kutoka Ileje. Tumemfunga jogoo karibu na mlango, kapendeza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu." Kisha akamwona, akarudi nyuma. "Kumbe bado mnaye?"

"Si ulisema ni wa mbegu, mama?" Tumpale akauliza.

"Mbegu gani, mwanangu? Alinishinda. Ningesemaje ili mmpokee?"

Tumpale alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nikaenda kutafuta kisu.

Mchana tulimla kwa ugali. Mama alipewa paja, akasema nyama yake ni tamu kuliko tabia yake.

Ndugu zangu, ukikuta meza ambapo ushindi unagawiwa bure, usiulize wachezaji ni wepesi kiasi gani. Uliza hiyo zawadi imekimbiwa na nani.

Siku hizi nakaa na mawakala. Nashindwa sana, nanunua soda sana, na nalala vizuri.