Mashine ya Kupandia Mto

Nilirudi Garsen juu ya pikipiki yangu mwenyewe. Nalitaja hilo mwanzo kabisa kwa sababu wengi waliotoka kwetu kwenda kutafuta Mombasa walirudi kwa basi, na wengine walirudi juu ya lori la ng'ombe wakinuka kama mzigo wake. Mimi nilirudi na diploma ya ufundi wa mitambo, sanduku la spana, na pikipiki nyekundu niliyoipata ikiwa chuma chakavu na kuifufua kwa mikono hii. Karo ya chuo nilijilipia kwa kutengeneza jenereta za hoteli. Hakuna mjomba aliyeuza mbuzi kwa ajili yangu, na sikuwahi kuacha kulisema hilo.

Kisha ikaja mvua ya El Nino, na Garsen ikawa kisiwa. Barabara ya kwenda Malindi ilizama, ya kwenda Hola ikazama, na fundi mwenye pikipiki akawa sawa na fundi asiye nayo. Niliunganisha meza mbili sebuleni nikaipandisha juu yake. Ikakaa pale kama bibi harusi, mke wangu akaanika kanga zake kwenye usukani.

Kilichoninyima raha hakikuwa pikipiki. Mama yangu alikuwa kijijini Hewani, upande wa juu wa mto, pamoja na watu waliokimbilia sehemu iliyoinuka baada ya mashamba kumezwa na maji. Habari zao tulizipata kwa wale walioteremka kwa mitumbwi: mahindi yameoza, mchele umekwisha, wanachemsha maembe mabichi. Kuteremka kulikuwa kazi rahisi, maana mto wenyewe ulibeba. Kupanda ndiko kulikoshindikana. Kwetu mtumbwi husukumwa kwa upondo, na upondo hutaka kugusa chini. Maji yalikuwa marefu mno na yenye mbio, hata vijana wenye vifua vipana walirudishwa kabla ya kona ya kwanza. Unga wa mama nilikuwa nao nyumbani, nao ulikuwa ukikaa tu.

Boti nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeiunda mwenyewe kwa mbao, na mkia wake niliukata bapa, tofauti na mitumbwi yetu iliyochongoka pande zote mbili, kwa sababu nilijua kwamba siku moja nitaifungia mashine. Watu walikuja kuitazama kama kituko.

"Fundi, hiki ni boti au ni hori la ng'ombe?" aliuliza mfugaji mmoja, na wenzake wakacheka mpaka wakaegemea fimbo zao.

"Ng'ombe wako wakijua kuogelea, waje nao," nikamjibu.

Basi siku moja mzee mmoja wa Kipini alifika Garsen na mashua ya samaki wakavu. Alikuwa amepanda mto mzima kwa mashine, na mashine ikamfia pale pale alipoanza kuziona nyumba zetu. Wenzake wakamkokota kwa kamba mpaka penye lami iliyozama. Alipomaliza kuuza samaki wake, aliuliza nani mwenye pikipiki.

Nilimkuta amekaa ukingoni, mashine ameifunika gunia.

"Mwanangu, ndoo uione kwa mato yako," akaniambia kwa Kiswahili chao cha pwani, akiniita kwa mkono. "Mashine hini imenilisha. Lakini mimi nimechoka na mto. Maji yakikauka nataka kuchukua samaki Kipini, niwafikishe Witu kwa njia ya nchi kavu. Nipa pikipiki, twaa mashine."

"Mashine imekufa, mzee."

"Imezimia. Wewe si daktari wa mashine? Ndivyo nilivyoambiwa, tena wasema wewe mwenyewe ndiye unayewaambia."

"Na utarudije Kipini bila mashine?"

Alinionyesha mto kwa kidevu. "Huo hapo. Wanipeka bure."

Nilikwenda nyumbani kumweleza mke wangu. Alikuwa akipepeta mchele, na hakuacha.

"Baba watoto, ngoja nielewe. Unampa mtu kitu kinachotembea, yeye akupe kitu kilichokufa?"

"Pikipiki nayo haitembei. Iko juu ya meza."

"Maji yatashuka. Siku hiyo utakwenda kazini Minjila kwa miguu, sanduku kichwani, na diploma yako mfukoni. Wale wa hori la ng'ombe watakupokea njiani."

Nilijidai kucheka, lakini hapo alinigusa. Pikipiki ile ndiyo iliyokuwa matunda ya miaka yangu ya Mombasa. Kila aliyeniona juu yake alijua nimekwenda na nimerudi na kitu. Mashine ikikataa kuwaka, nitabaki na boti isiyokwenda na kazi nisiyoweza kuifikia, na mama bado yuko Hewani.

Nilirudi kwa mzee na spana, nikataka kufungua kichwa cha mashine nione ndani. Aliushika mkono wangu.

"Kwetu mashine haifunguliwi na mtu wa pembeni. Ukiifungua, umeinunua."

"Ninunue nisichokijua?"

"Wajua mbuzi achinjwaye kwanza ili mnunuzi aone maini?"

Sikubishana naye. Fundi wa kweli hahitaji kupasua. Nilimwomba ruhusa ya kutoa plagi tu, na hiyo alikubali. Niliziba tundu kwa kidole gumba, yeye akavuta kamba. Kidole kikasukumwa kwa nguvu, tundu la kwanza na la pili pia. Pumzi ilikuwepo, maana yake ndani hakujapasuka. Nikalegeza skrubu ya oili ya gia: oili nyeusi, haikuwa na weupe wa maji. Mikono yangu ilianza kuchangamka.

Tuliitumbukiza kwenye pipa la maji na kuiwasha. Iliwaka! Lakini lile tundu la nyuma, ambalo maji hutakiwa kuchuruzika ili ujue mashine inapoa, lilikuwa kavu. Watu wa mashua husema mashine haikojoi. Muda si muda kichwa kikawa moto wa kuchoma, ikaanza kukwama. Nikaizima haraka.

"Mzee, ukifika nyumbani huiosha kwa maji matamu?"

Alinitazama kana kwamba nimemuuliza iwapo yeye hula chakula. "Niioshe ya nini? Kipini ni mdomo wa mto. Naiacha imening'inia majini, mto waniosheya mchana kutwa."

"Na bahari ikijaa?"

Aligeuza macho kwenye mashine.

"Ikijaa," nikasema, "maji ya bahari hupanda mpaka hapo unapotia nanga. Yanapwa, yanaacha chumvi ndani ya njia za maji. Yanajaa tena, yanaongeza. Mashine yako haina ugonjwa, mzee. Imeziba koo."

"Miaka yote hiyo?" Akalipiga gunia lake kofi. "Basi nimewapa watu ushauri huo huo, nusu ya Kipini."

Hapo ndipo nilipoamua. Mbovu ya kupasuka ningeikimbia, lakini mbovu ya kuziba ni kazi yangu. Kwake, mtu wa kushuka, mashine ile ilikuwa uzito tu. Kwangu, mtu wa kupanda, hakukuwa na kitu kingine Garsen nzima chenye thamani kama hiyo.

Tuliiingiza pikipiki ndani ya mashua yake. Haikupata pa kuegemea, kwa hiyo mzee akaipanda akaishika usukani, mwenzake akasukuma mashua, na mto ukawachukua. Watu waliokuwa ukingoni walimpigia makofi yule mwendesha pikipiki majini. Mke wangu alikunja kanga zake.

Niliifungua mashine siku hiyo hiyo. Ndani mlikuwa mweupe kama sufuria iliyochemshiwa maji ya kisima. Nililoweka vipande kwa ndimu, nikachokoa njia kwa spoki ya baiskeli, na ile feni ya mpira ya pampu, iliyokuwa imeliwa, nikaichonga upya kutoka kwenye tairi. Chuoni hawakutufundisha hilo. Nililibuni mwenyewe, na lilikwenda vizuri.

Tulipopakia unga, mke wangu alipanda bila kuitwa. "Nataka kuwepo ikizima," akasema.

Haikuzima. Kwa mkono mmoja nilishika usukani, mwingine niliukinga nyuma kwenye mchirizi: maji ya uvuguvugu, ndivyo yanavyotakiwa. Pale kwenye kona iliyowarudisha vijana, boti ilisimama kidogo kana kwamba inafikiri, kisha ikaanza kuipita miti ya ukingoni, mmoja baada ya mwingine.

Hewani watu walikuwa wamesimama wakitazama upande wa juu wa mto, maana chochote kilichowafikia siku zile kilitoka huko. Sisi tulitokea mgongoni kwao. Waliposikia muungurumo waligeuka wote pamoja.

Mama alishuka mpaka maji yakamfika magotini. Alimsalimia mke wangu, akahesabu magunia kwa macho, kisha akanigeukia.

"Pikipiki umemwachia nani?"

"Imekwenda Kipini, Mama. Nimebadilishana na hii."

Aliizunguka kuitazama, akaigusa kwa ncha ya kidole, akakitoa haraka kwa moto wake.

"Basi kesho," akasema, "ije na mafuta ya taa."