Kwa Nini Tuliacha Kulala Hemani

Mimi ndiye niliyesema hema linatosha, kwamba viboko hawafiki sehemu ile ya ufuo wa ziwa, upande wa Bondo. Kulipoanza kupambazuka nikasikia nyasi zikitafunwa karibu na kichwa changu. Nikachungulia. Kiboko. Miguu ikatoka mbio peke yake. Nilipopata fahamu nilikuwa ndani ya gari letu, nimejifungia, na mke wangu na binti yetu bado wako hemani, kimya kabisa. Mnyama alikula taratibu hadi akarudi ziwani. Ndipo mke wangu akaja, mtoto mgongoni, akajaribu kufungua mlango wa gari.

“Baba Akinyi,” aliniambia polepole kupitia kioo, “safari ijayo tunakodi gari lenye vitanda ndani. Ukitoroka, utoroke na sisi.”