Kumwigiza Shangazi

Nyumbani kwetu Azaiba, huku Uarabuni, Ijumaa ilikuwa siku ya wageni, na mgeni mkubwa kuliko wote alikuwa shangazi yangu, dada mkubwa wa baba. Alikuwa na goti bovu na maneno mengi. Alianza kulalamika kwa Kiarabu tangu mlangoni, na akifika kwenye kochi keshahamia Kiswahili cha Unguja, ambacho alikiweka kwa mambo ya maana.

Nilikuwa na miaka kumi. Ijumaa moja, alipokwisha kuondoka, nilijitanda mtandio wa mama, nikaingia jikoni nikichechemea, nikawaonyesha binamu zangu jinsi shangazi anavyoonja biriani ya watu: kijiko kimoja, macho juu, halafu, "Si mbaya." Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Sikumwona baba amesimama mlangoni.

Baba alikuwa mtumishi wa wizara, mtu wa kanzu iliyonyooka na maneno machache.

"Kesho utakwenda kumtaka radhi," alisema.

"Kwa lipi? Sikumzulia kitu."

"Kesho."

Kesho yake alinipeleka kwa gari mpaka kwa shangazi, Al Khuwair. Shangazi akatuletea halua na kahawa. Baba akanitazama. "Haya, sema."

"Shangazi, jana nilikuigiza," nikasema. "Baba anataka nikutake radhi. Mimi sioni kosa."

Baba akaweka kikombe chini. Shangazi hakucheka wala hakukasirika.

"Hebu nionyeshe."

Nikamwonyesha, kuchechemea na biriani na yote.  Nilipomaliza, akaligusa goti lake.

"Mimi nnaumwa goti la kushoto," alisema. "Wewe umechechemea la kulia. Rudia."

"Dada, unamharibu," baba akasema.

"Muache. Kama anafanya, afanye sawasawa."

Nikarudia. Radhi sikuitaka, si siku ile wala baadaye.

Baba hakubadilika. Miaka ya elfu mbili, nilipojiunga na kikundi cha maigizo, alisema binti wa nyumba yake hatapanda jukwaani. Nikamjibu kwamba nimeshapanda. Tulikaa wiki nzima tukipeana salamu tu. Mama alinisihi nisubiri mpaka hasira za baba zishuke. Nikamwambia nikizisubiri hizo nitazeeka.

Onyesho langu la kwanza mbele ya watu, shangazi alikuja. Hakujua kuendesha gari, kwa hiyo aliyemleta alikuwa baba, naye akabaki garini, kiti amekilaza, anasikiliza redio. Nilimwona kupitia mlango wa nyuma nikiwa nimeshavaa nguo za mchezo. Mwenzangu mmoja akaniuliza kwa nini siendi kumwita.

"Mlango anaujua," nikasema, nikaingia jukwaani.