Mwanya wa Mashimoni

Saa nne na dakika kumi asubuhi msimamizi wangu alifungua picha ya mtaa wa Mashimoni kwenye kompyuta, katika ofisi yetu ya ghorofani huko Kawangware, nikaona kwamba mwanya haupo.

Ulikuwa mwanya mwembamba, upana wa shibiri moja ya mtu mzima, kati ya nyumba ya mabati ya mama mmoja anayekaanga omena na nyumba ndefu ya vyumba vya kupangisha ya landilodi jirani yake. Wiki iliyotangulia niliupima mwenyewe. Mwili haukuingia, kwa hiyo nilifunga simu kwenye ufito nikaipitisha polepole, kwenda na kurudi, huku mama akinicheka kwamba navua samaki pakavu. Aliniambia kwa nini aliuacha. Mtaani kwao, ukijenga kwa kuegemea ukuta wa mwenzako, hata kwa bati moja, siku ya ugomvi utaitwa mpangaji wake. Ndiyo maana alinunua mabati ya upande ule pia, ingawa ukuta wa jirani ulikuwa tayari umesimama. Sasa barabara ilikuwa inapitishwa hapo, na fidia ingelipwa kwa mwenye nyumba, kwa kila nyumba itakayoonekana katika picha yetu.

Kazi hii sikufundishwa na mtu. Nilikuwa fundi wa umeme, nikanunua kompyuta kuukuu, nikasoma. Simu ikipitishwa mbele ya kitu huokota nukta, na kila nukta ina mahali pake, rangi yake na upande inakotazama. Ili umbo lionekane, kompyuta huchora kila nukta kama kisahani kidogo. Visahani vikipandana kama magamba ya samaki, unaona ukuta. Vikiwa vidogo mno, ukuta unatoboka. Vikiwa vikubwa mno, vinafunika hata mahali pasipo na kitu. Upana wa kisahani huchaguliwa na mtu. Asubuhi ile msimamizi alikuwa amechagua mkubwa.

Nilimwonyesha nukta zenyewe, kabla hazijapanuliwa. Zilikuwa safu mbili zinazotazamana. Nyuso mbili za ukuta mmoja hupeana migongo. Zikitazamana, basi ni kuta mbili na katikati pana nafasi. Hakuna namna nyingine ya kuzisoma.

Alielewa. Hilo ndilo linalonichoma hadi leo. Alikuwa dada mwerevu, mdogo wangu kwa miaka ishirini, na alielewa kabla sijamaliza sentensi.

"Mzee, nimeona," alisema. "Lakini nikipunguza, paa zote zinatoboka. Mteja akiona mashimo hatalipa mtu hapa."

"Punguza hapo tu."

"Na nyumba zingine? Unajua ni ngapi ziko na kamwanya kama hako?"

Nikamwambia sijui, na kwamba yeye pia hajui, na ndiyo sababu ya kuangalia. Akasema picha lazima iende kwa watu wa barabara kabla ya chakula cha mchana. Ikaenda. Ilikuwa nzuri sana, laini kama sabuni, na haikuwa ya kweli.

Nilibeba nukta zangu kwenye flashi hadi mtaa wa Soweto East, kwenye dawati la fidia ya barabara. Karani alinipa kiti. Alijaribu kuzifungua, kompyuta yake ikaonyesha ukungu wa rangi rangi. "Buda, hii ni vumbi," akasema, bila ubaya wowote, kisha akanigeuzia skrini nione ile picha iliyotiwa sahihi. Nyumba moja ndefu. Landilodi alikuwa amekwisha kuulizwa, akajibu kwamba yule mama ni mpangaji wake wa chumba cha mwisho. Niliomba mtu aje na futi tu, akapime mwanya wenyewe. Karani aliahidi kuuliza. Tingatinga lilifika kabla ya jibu lake, likasukuma nyumba zote mbili pamoja, na baada ya hapo hapakuwa na kitu cha kupima.

Mama nilimkuta kando ya barabara, ameketi juu ya karai lake alilolifudikiza.

"Hiyo simu yako ilipita pale mara ngapi?"

"Mbili, mama."

"Na bado haikuona?"

"Iliona. Walifuta."

"Walifuta," akarudia. "Ama mlifuta?"

Niliacha kazi ile mwisho wa wiki. Hilo halikumsaidia mama. Msimamizi aliniambia kwaheri kwa upole, akaniuliza kama naweza kumwachia ule ufito.

Landilodi alilipwa kwa urefu wote, kutoka kona yake hadi kona ya mama. Mama hakupata kitu. Nyumba ya ukubwa wa yake, iliyosimama peke yake, ililipwa shilingi elfu tisini.