Shuka la Watu Wawili

Shuka la bafta likikamuliwa na watu wawili huwa limekauka nusu kabla halijaliona jua. Huyu hushika pembe za huku, mwenziwe za kule, na kila mmoja hupota kwa mkono wake wa kulia, mpaka nguo inajikunja kama nyoka na maji yanakatika. Mwanawema wa kijiji cha Wambaa na jirani yake Khairiya walikuwa wakikamuliana hivyo tangu walipokuwa wasichana wa chuo kimoja cha Kurani. Mmoja akianza kufua, mwenziwe husikia maji, akaja bila kuitwa.

Zikaja zama za siasa. Nyange, mdogo wake Mwanawema, akaingia chama hiki. Vuai, mumewe Khairiya, akaingia kile. Watu wakasusiana maduka, wakasusiana visima, wakafika hata kususiana maziko. Baada ya uchaguzi wa mwanzo wa mwaka wa sitini na moja, Vuai alimkataza mkewe kuvuka ua, naye hakuvuka. Hawakugombana. Hilo ndilo lililomuuma Mwanawema zaidi, kwamba hakuachiwa hata neno moja baya la kumkasirikia nalo.

Mwanawema hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na mama, Bi Mgeni, aliyepooza upande mmoja na asiyeweza tena kujizuia. Kila siku shuka moja lilikuwa chini ya mgonjwa na la pili kwenye kamba. Kiangazi kilistahimilika. Ilipoingia masika, mvua ikawa hainyanyui mguu, na shuka alilolikamua peke yake lilikuwa likidondosha maji mpaka kesho yake.

Akatafuta hila. Alilifunga ncha moja kwenye mpera, akaipota ya pili kwa kipande cha mti. Shuka likateleza, likaanguka matopeni, akalifua upya. Alilizongomeza ndani ya kanga kavu na kulikanyaga kwa miguu, na hilo lilifaa kidogo. Ukumbini alitandika kamba ya usumba wa nazi iliyosokotwa nyuzi mbili, akazichomeka pembe za shuka baina ya nyuzi lisiporomoke, akaacha mlango wa mbele na wa uani wazi ili upepo upite moja kwa moja. Lilipobaki na ubichi alilipandisha kwenye uchaga juu ya meko, moto wa makumbi ukafuka chini yake.

"Mwanangu," Bi Mgeni alimwambia siku moja, "mie si samaki ng'onda. Mbona waniweka moshini?"

"Ndiyo udumu, mama. Usiniharibikie."

Mama alicheka kwa upande wa uso uliokuwa bado unacheka. Kisha akauliza, kama alivyouliza jana na juzi, Khairiya yuwapi. Mwanawema alijibu kuwa anaumwa. Bi Mgeni akasema maradhi hayo ni marefu, akageuza uso ukutani.

Siku moja Vuai alimwona akihangaika tena na ule mpera. Alikuwa amesimama upande wake wa ua wa makuti, mkewe nyuma yake akipeta mchele.

"Mwambie Nyange aje akukamulie, Bi Mwanawema," alisema. "Si kiongozi yule? Na aongoze shuka."

Khairiya hakuinua kichwa. Ungo wake tu ndio uliosimama.

Kesho yake adhuhuri, wanaume walipokwisha kuingia msikitini, Mwanawema alikuwa ameinama kwenye beseni alipoona mikono miwili imeshika ncha ya pili ya shuka. Hakusalimiwa, naye hakusalimu. Walipota. Maji yalimwagika kama mtungi uliopasuka, miguu yao ikaroa. Shuka lilipokaza hata halikunjiki tena, Khairiya aliiweka ncha yake begani kwa mwenziwe, akapenya ua, akaenda zake. Jioni ile Bi Mgeni alilalia shuka kavu, lisilo moshi.

Ikawa ndiyo desturi. Kila adhuhuri, katika muda ule wa watu kusali, Khairiya alikuja, akakamua, akaondoka. Mwanawema alijaribu mara moja kumuuliza hali za watoto. Khairiya alitazama upande wa msikiti, akapota kwa nguvu zaidi. Ndani, mgonjwa alisikia maji yakianguka.

"Huyo si Khairiya? Mbona hasemi?"

"Ana haraka, mama."

Mwanawema alijua kuwa shuka sasa linakauka, na kwamba hilo ndilo alilokuwa akiliomba. Lakini mikono peke yake, bila maneno, ilikuwa migumu kuizoea. Alianza kufua taratibu ili adhuhuri ikifika pawe bado na nguo za kukamua. Akaongeza kanga zake mwenyewe, zilizo safi.

Masika ikaisha. Jua likatoka jeupe juu ya mikarafuu, na shuka lililoanikwa asubuhi likawa linakauka kabla ya adhuhuri bila msaada wa mtu. Siku ya kwanza Khairiya hakuja. Siku ya pili, ilipoadhiniwa, Mwanawema aliligusa shuka kwenye kamba: lilikuwa kavu, limekakamaa kwa jua. Alilianua, akalitosa tena katika beseni. Akashika ncha moja, akasimama katikati ya ua, akangoja.

Khairiya alitokea kwenye mlango wa jiko lake. Alimtazama Mwanawema, akalitazama lile shuka linalochuruzika, kisha akatazama juu, mbinguni kusikokuwa na wingu hata moja. Mdomo wake ulicheza kidogo kabla sauti haijatoka.

"Jua kali leo, dada," alisema. "Litakauka tu."

Akarudi ndani.

Mwanawema alilitundika shuka vilevile, halikukamuliwa, zito, kamba ikapinda mpaka upindo ukagusa mchanga. Alikaa kizingitini akiyaangalia maji yakidondoka. Kutoka ndani mama aliuliza ni nani aliyesema.

"Ni Khairiya," alijibu. "Kapona."

Kabla ya alasiri shuka lilikuwa limekauka.